Nabii Aliyetoka Mathari: Kifungo, Fedheha na Imani ya Elijah Masinde

Mei 1947, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliachiliwa kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akarudi kwao Kimilili. Serikali ya kikoloni ilikuwa imemfungia kwanza kama mkosaji, kisha kama mwendawazimu. Septemba mwaka huohuo aliongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, karibu na Webuye, wakachinja kondoo mweusi kwa ajili ya wazee wao waliouawa pale mwaka 1895 walipopigwa na jeshi la Waingereza. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi. Watu 11 walikufa. Masinde alikamatwa mwezi huohuo, akapelekwa uhamishoni Lamu.

Nimekichagua kisa hiki kwa makusudi. Tukizungumzia itikadi kali za kidini magerezani siku hizi, macho yote huenda kwa Al-Shabaab na magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa, na mazungumzo yanageuka upesi kuwa mashtaka dhidi ya Waislamu. Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna kisa chetu, cha zamani zaidi, na dini yenyewe ilizaliwa hapahapa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kukitazama hiki kunamwondolea msomaji uzito wa chuki za leo, akabaki na swali lenyewe: ni nini hutokea ndani ya mtu mwenye imani kali anapofungiwa?

Jibu langu ni kwamba kifungo hakikumpa Masinde imani yake. Kilimpa ushahidi kwamba imani hiyo ni ya kweli, na kikawapa ushahidi huo wale waliomngojea nyumbani.

Kwanza niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Kwa watu wengi wa Bungoma, Masinde ni shujaa wa kupinga ukoloni, na sina nia ya kumvua heshima hiyo. Alikuwa na haki katika mengi aliyoyalalamikia. Saikolojia ya itikadi kali haiamui nani ana haki. Inachunguza namna malalamiko, hata yaliyo ya haki kabisa, yanavyogeuka kuwa vita isiyo na nafasi ya mazungumzo, na namna walioshika funguo wanavyochangia mgeuko huo.

Masinde alizaliwa Kimilili kati ya mwaka 1910 na 1912 hivi. Alikulia katika kanisa la Friends, ambao wengi huwaita Wakweka, waliokuwa wamejenga misheni kubwa katika eneo hilo. Alikuwa mchezaji mpira hodari, nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Baadaye aliajiriwa na mahakama ya wenyeji, kazi yake ikiwa kuwapelekea watu hati za kuitwa shaurini. Yaani huyu alikuwa kijana aliyekwisha kuonja heshima mahali patatu: kanisani, uwanjani na mahakamani. Na milango hiyo ilimfungia mmoja baada ya mwingine. Kanisa lilimtenga alipooa mke wa pili. Miguu ya mpira nayo ina umri wake. Kazi ya mahakama ilimweka katikati, mtumishi wa amri ambazo majirani zake walizichukia.

Tunaodhani kwamba itikadi kali huwanasa wajinga na mafukara wa mwisho tunapaswa kukaa na jambo hili kidogo. Mwanasaikolojia Arie Kruglanski ameeleza kwamba msukumo mkubwa wa watu wanaoingia njia hizi ni hamu ya kuwa mtu wa maana, na kwamba hamu hiyo huwaka zaidi pale heshima iliyokuwapo inapopotea. Hamu peke yake haitoshi. Lazima ikutane na simulizi inayoeleza nani amekudhulumu, na kundi litakaloiunga mkono simulizi hiyo. Masinde hakuhitaji kuitafuta simulizi mbali. Wabukusu, watu wake, walikuwa wametawaliwa na machifu wa Kiwanga waliowekwa na Waingereza, akiwemo Murunga, ndugu ya Nabongo (mfalme) Mumia wa Wawanga, aliyetawala Kimilili. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imekwenda kwa walowezi. Ilipofika Vita vya Pili vya Dunia, vijana walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi, na maafisa wa kilimo walikuwa wakiwalazimisha wakulima kung'oa magugu katika mashamba yao wenyewe kwa amri.

Kutoka kwenye majeraha hayo ilizuka Dini ya Msambwa, karibu mwaka 1943. Ilimrudisha Wele, Mungu wa Wabukusu, mahali pake, ikawaheshimu wazee waliotangulia, ikaruhusu ndoa za wake wengi, na ikasema wazi kwamba Wazungu waondoke. Tazama namna mafundisho hayo yalivyoziba kila pengo. Aliyetengwa kwa sababu ya mke wa pili aliambiwa hakutenda dhambi. Aliyenyang'anywa ardhi aliambiwa mlima ni mtakatifu na ni wake. Aliyedharauliwa na chifu aliambiwa mababu zake hawakuwa washenzi. Imani inayomjibu mtu katika kila kidonda alichonacho haitolewi moyoni mwake kwa hotuba ya afisa.

Mwaka 1944 mvutano kati ya Masinde na chifu pamoja na maafisa wa kilimo ulifika mahakamani. Alitakiwa kuweka dhamana kwamba atadumisha amani. Alikataa, akafungwa. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari.

Hapa ndipo pa kukaa. Kukataa dhamana ni tendo ambalo afisa wa magereza wa leo hulisoma upesi kama ukaidi. Mtu angeweza kutia alama ya kidole akaenda nyumbani kulima. Lakini kwa mtu ambaye amekwisha kuamini kwamba mahakama yenyewe ni chombo cha dhuluma, kutia sahihi ni kukiri kwamba dhuluma hiyo ni halali. Kwa hiyo gereza linakuwa mahali pekee pa kubaki mkweli. Serikali ilidhani imempa adhabu, na yeye akaipokea kama nafasi ya kuonyesha msimamo. Mgongano huu wa tafsiri hauonekani kwenye faili. Faili linaandika kosa na muda wa kifungo, basi.

Erving Goffman, aliyechunguza hospitali za wagonjwa wa akili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961, alieleza kwamba taasisi za namna hii humvua mtu nafsi yake ya zamani mara tu anapoingia langoni: nguo, vitu vyake, ratiba yake, hata namna ya kujibu anaposemeshwa. Aliyewahi kuingia gereza lolote la Kenya anaijua hali hiyo. Unavuliwa ukaguliwe, unapewa namba, unachuchumaa kaba kwa safu za watano ukihesabiwa, unajifunza kumwita kila mwenye sare "afande". Nafsi iliyovuliwa hivyo haiwezi kukaa uchi kwa muda mrefu. Itatafuta vazi jingine. Wengine huvaa ujambazi, wakawa watu wa nyapara. Wengine huvunjika kabisa. Wengi, na hili lisisahauliwe, huvaa imani, na imani hiyo huwaponya: wanaacha bangi, wanajifunza kusoma, wanaandikia mama zao barua za msamaha. Kwaya za wafungwa na madrasa za magerezani zimeokoa maisha ya watu ambao nje hakuna aliyewataka.

Lakini Masinde aliingia akiwa tayari na vazi. Na serikali ikamfanyia kosa ambalo sioni kubwa zaidi katika kisa kizima: ilimwambia kwamba vazi lile ni ugonjwa.

Fikiria maana yake. Mtu aliyefungwa kwa kosa bado anahesabiwa kuwa mtu. Amebishana na sheria, ameshindwa, anatumikia. Mtu aliyetangazwa kuwa mwendawazimu hana hata hadhi ya kuwa mbishi. Maneno yake yanageuka dalili. Akisema ardhi iliibwa, hiyo ni dalili. Akisema mababu walionewa Chetambe, hiyo pia ni dalili. Hakuna fedheha ya kina zaidi ya kuambiwa kwamba malalamiko yako hayastahili hata kukanushwa. Wakati huo hospitali ya Mathari ilikuwa chini ya daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza kuanzia 1938 hadi 1950, ambaye baadaye, mwaka 1954, aliiandikia serikali ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau. Katika ripoti hiyo, madai ya ardhi na utawala yalisukumwa nyuma, na akili ya Mwafrika aliyeshindwa kuyamudu mabadiliko ikawekwa mbele. Sayansi yangu, saikolojia, ilitumika kuwasaidia watawala wasisikie. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu bado tunaweza kulirudia tukiwa na nia njema. Kila tunapomwandikia mfungwa "ana itikadi kali" kabla ya kumuuliza anachokidai, tunafungua tena wodi ileile.

Kisha akatolewa. Na kutolewa kwenyewe kulimpa nguvu mpya. Ukisema mtu ni kichaa halafu ukamwachilia akiwa na maneno yaleyale, mbele ya watu wake umekubali kwamba hakuwa kichaa. Kilichobaki ni maelezo mawili: ama serikali ilidanganya, ama Mungu wake amemshinda daktari. Wafuasi hawakulazimika kuchagua moja. Max Weber alisema kwamba karama ya kiongozi hukaa machoni pa wanaomfuata, nao huitafutia dalili. Kwa jamii iliyolisikia neno Mathari kama shimo lisilorudisha watu, mtu aliyerudi akiwa na akili timamu na sauti ileile alikuwa dalili tosha.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti wa dini wanalijua vizuri: tunamwamini zaidi mhubiri aliyelipa gharama. Kabla ya 1944 Masinde alikuwa mmoja wa wasemaji wengi wenye hasira. Baada ya 1947 alikuwa ameteseka kwa ajili ya maneno yake, na mateso hayo serikali ndiyo iliyomgharamia. Safari ya Chetambe ya Septemba 1947 naisoma katika mwanga huo. Aliwapeleka watu mahali pa kushindwa kwao, akawapa ibada ya kuwalilia wafu ambao kwa miaka 52 hakuna mtawala aliyewatambua. Hakuna risasi iliyopigwa siku hiyo. Kama kungekuwa na afisa mmoja mwenye masikio, angeona kwamba umati ule ulikuwa unaomboleza, na kwamba anayeomboleza bado anaweza kuzungumzwa naye.

Miezi iliyofuata wafuasi walituhumiwa kuchoma nyumba na mali, na waliwataka wamisheni waondoke. Siyafichi hayo, kwa sababu waliochomewa walikuwa watu pia. Malakisi, Februari 1948, ndipo pande zote mbili zilipopita mahali pa kurudi. Baada ya wale 11 kufa, kuiacha dini ile kungekuwa sawa na kusema kwamba walikufa bure. Hicho ni kifungo kingine, cha damu, na huwashika watu kuliko hoja yoyote ya kiimani.

Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku mwaka 1948. Haikufa. Ilikuwa imekwisha kuvuka hadi kwa Wapokot, na hapo gereza la Nakuru linaingia katika kisa. Lukas Pkiech, Mpokot aliyeipokea dini hiyo na kuibadilisha kulingana na watu wake, alihukumiwa kifungo mwaka 1946, akatoroka kutoka gereza la Nakuru. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa, Baringo, yeye na mamia ya wafuasi wake walikutana na kikosi cha serikali. Pkiech na wafuasi wake 28 waliuawa, pamoja na maafisa watatu wa Kiingereza na askari mmoja Mwafrika.

Nauona uzi uleule. Masinde alitoka kwa ruhusa, Pkiech alitoka bila ruhusa, lakini kwa wafuasi mlango wa jela ulisema jambo moja: huyu hafungiki. Ukishaamini kwamba kuta haziwezi kumzuia kiongozi wako, kuamini kwamba bunduki nazo hazitamzuia ni hatua fupi mno. Sioni kichaa hapo. Naona hitimisho linalofuatana vizuri kutoka kwenye msingi mbovu, na msingi wenyewe ulijengwa kwa mawe ya gereza.

Lamu ilikuwa jaribio la aina nyingine: kumtenga mtu mbali kabisa na watu wake, pwani, kati ya watu wa lugha na dini tofauti. Masinde alikaa huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alirudi na msimamo wake. Mtafiti John Horgan hutofautisha kuacha vitendo na kuacha imani, na tofauti hiyo inaonekana hapa waziwazi. Kumtenga kulimzuia kutenda. Hakukumgusa alichokiamini, kwa sababu hakuna aliyekuwa akizungumza naye juu ya imani yake. Ufaransa ilijifunza somo gumu zaidi miaka mingi baadaye. Iliwakusanya wafungwa wenye itikadi kali katika vitengo maalumu, na Septemba 2016 mmoja wao akawashambulia walinzi katika gereza la Osny. Ukiwachanganya na wengine wanaambukiza, ukiwakusanya pamoja wanakazana, ukimtenga mmoja peke yake anageuka mfia dini. Serikali ya Kenya nayo ilitangaza mwaka 2016 nia ya kujenga gereza la pekee kwa ajili ya wafungwa wa aina hii. Mimi sipingi kuwatenga wanaopanga mauaji. Ninachopinga ni kudhani kwamba kuamua alale wapi ndiyo kazi yote.

Sehemu inayoniumiza zaidi inakuja baada ya bendera kubadilika. Dini ya Msambwa iliruhusiwa mwaka 1964. Mwaka 1968 ikapigwa marufuku tena, safari hii na serikali ya Waafrika, na Masinde akajikuta tena ndani. Aliachiliwa mwaka 1978, Moi alipoingia madarakani, na akafariki mwaka 1987. Angeweza kusemwa kuwa mtu asiyeridhika na utawala wowote, na labda ni kweli kwamba kufikia hapo upinzani ulikuwa umeshakuwa nafsi yake yote. Miaka mingi ya vifungo hufanya hivyo. Mtu anayefafanuliwa na mlinzi wake kwa muda mrefu hushindwa kujifafanua kwa njia nyingine, hata mlinzi anapobadilika rangi. Lakini swali linarudi kwetu: ni nani, katika miaka yote hiyo, aliyewahi kumpa nafasi ya kuwa kitu kingine zaidi ya mfungwa au nabii?

Wenzangu wanaofanya kazi katika magereza ya Nakuru, Naivasha, Kodiaga na Kakamega wana sheria ambazo watu wa enzi za Masinde hawakuwa nazo. Katiba ya 2010 inalinda haki za waliofungwa katika Ibara ya 51 na uhuru wa dini katika Ibara ya 32. Kuna sheria ya mwaka 2014 ya watu walionyimwa uhuru, na mkakati wa kitaifa wa kuzuia itikadi kali wa mwaka 2016. Lakini mwaka huohuo wa 2014 sheria ya kuzuia ugaidi iliongezewa kosa la kuingiza watu katika itikadi kali, lenye kifungo cha hadi miaka 30. Kwa hofu ya neno hilo, mfungwa anayeanza kuswali mara tano au kufunga siku tatu kavu na kikundi cha maombi anaweza kuonekana mshukiwa. Ndevu, kanzu, Biblia iliyopigwa mistari kila ukurasa, hivyo havisemi lolote. Yanayonipa wasiwasi mimi ni mengine. Ameacha kupokea wageni kwa sababu mama yake "si muumini". Majeraha yake yote, ya polisi, ya baba, ya hakimu, sasa yana mkosaji mmoja mwenye jina moja. Zamani alikuwa akisema "mimi", siku hizi anasema "sisi" tu. Na kuna mtu mmoja ndani ya bloku anayempa sabuni, anayemlinda usiku, na ambaye hataki azungumze na kasisi wala imamu peke yake.

Zaidi ya hapo, ni lazima kujua fedheha inaingia lini. Chukua waliohukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema hukumu ya kifo ya lazima inakwenda kinyume cha Katiba, na matumaini yakapanda katika kila gereza kubwa nchini. Watu walianza kurudi mahakamani kuomba hukumu upya. Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu kesi za mauaji pekee. Sheria ina sababu zake. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuwaambia watoto wake huenda atarudi, mlango ulifungwa mara ya pili, na mara ya pili huumiza kuliko ya kwanza.

Siku kama hizo, mtu mwenye simulizi iliyo tayari hukaa karibu na godoro la aliyevunjika moyo saa ileile habari zinapofika. Afisa wa ustawi hufika baada ya wiki, akiwa na fomu. Ningetaka orodha ya waliokataliwa rufaa ifike mezani kwa kasisi, imamu na mshauri nasaha jioni ileile, na wagawane majina kabla ya seli kufungwa. Wasianze na mafundisho. Waanze kwa kumuuliza alichokitarajia, waandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, na pale ambapo ana haki, wamwambie hivyo.